Halali ya Kubebwa na Mwanadamu

Mji haujifunui kwa mtu aendaye mbio, na hakuna ajuaye hili kuliko abiria wa becak, gari la magurudumu matatu la mji wa Yogyakarta katika kisiwa cha Java, ambalo abiria hukaa mbele chini ya kivuli cha turubai, na mwendeshaji hukanyaga pedali nyuma yake. Kutoka barabara ya Malioboro kuelekea kusini, hata kufikia kasri ya Sultani iliyoanza kujengwa katika karne ya kumi na nane, na hata mtaa wa Kauman, wenye Msikiti Mkuu, ambamo Ahmad Dahlan aliasisi jumuiya ya Muhammadiyah mwaka 1912, abiria hupata wasaa wa kunusa nta iyeyushwayo kwa kazi ya batiki, kusikia adhana tangu mwanzo wake hata mwisho, na kuitikia salamu ya mzee aliyeketi barazani. Taratibu hiyo ni neema. Lakini inanunuliwa kwa pumzi za mtu ambaye abiria hamwoni, kwa kuwa amempa mgongo; na mimi naona kwamba ndani ya mkao huo mna swali ambalo dini haiwezi kulipita.

Mwislamu hufunzwa tangu utotoni kusoma, apandapo mnyama au chombo, dua itokayo katika Sura ya Zukhruf, ya kumtakasa Mola aliyetutiishia kipando ambacho kwa uwezo wetu wenyewe tusingalikimudu. Je, dua hii yamfaa aketiye katika becak? Chuma kimetiishwa, na mnyororo, na gurudumu. Bali mwenye kuviendesha ni mja kama mpandaji, naye hakutiishiwa mtu. Sura iyo hiyo, aya kadhaa mbele, yasema kwamba Mwenyezi Mungu amewainua baadhi ya watu kwa daraja juu ya wengine ili watumikiane, na wako waliojaribu kuifanya aya hiyo ngao ya kiburi chao. Wafasiri wengi hawakuifahamu hivyo. Utumishi huo huenda na kurudi: abiria ana haja ya miguu ya yule, naye yule ana haja ya fedha za huyu, na daraja aliyopewa mmoja ni mtihani wake kabla haijawa fahari yake.

Wako wasiopenda kupanda kabisa. Gandhi, aliposhuka Durban mwezi wa Januari 1897 na kukutwa na umati wenye hasira, aliitiwa riksho ya kukokotwa na mtu ili aokoke, naye mwenyewe ameandika kwamba hakupata kuipenda fikira ya kupanda chombo hicho. Dhamiri kama hiyo naistahi. Siistahi, hata hivyo, hukumu ya wakuu wa Jakarta, ambao katika miaka ya 1980 walizikamata becak kwa maelfu na kuzizamisha katika ghuba ya mji, wakidai kwamba kazi ile yamdhalilisha binadamu. Kilichozama ni riziki ya maskini, na udhalili wake ukabaki nchi kavu, ukaongezewa njaa.

Kielelezo kilicho bora kiko katika sira. Katika safari ya Badri ngamia walikuwa wachache, watu watatu wakipokezana mmoja, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataa wenzake watembee kwa ajili yake, akashuka zamu yake ilipofika. Abiria wa becak hawezi kushika zamu ya kukanyaga. Miguu yake, hata hivyo, anayo. Kwetu, Kisumu na Busia, boda boda zilipokuwa bado ni baiskeli, abiria mwenye adabu alishuka penye mlima akaenda kwa miguu pamoja na mwendeshaji, wala hakujiona amepungukiwa. Mabwana wa kikoloni wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya ishirini, waliokaa katika vigari vilivyosukumwa na Waafrika juu ya reli nyembamba, walikuwa na desturi nyingine, kwa kuwa dola yao ilisimama juu ya kutoshuka.

Liko jambo jingine ambalo mgeni mara nyingi hulisahau: wengi wa waendeshaji hawa hawamiliki becak zao. Huzikodi kwa tajiri, na kodi ya siku hutangulia chakula cha watoto. Basi mgeni apunguzaye bei kwa majadiliano makali, akajisifu kwa werevu, hampunguzii tajiri hata senti. Ampunguzia yule aliye nyuma yake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba kupanda ni halali, maadamu mwendeshaji ana uwezo wa kukataa na ujira wake ni wa insafu. Nawe msomaji, ukijaliwa kufika Yogyakarta, patana naye bei kabla ya kupanda, geuka umwulize jina lake, shuka penye mwinuko, na umpe haki yake yote kabla jasho lake halijakauka, kama Mtume alivyoamuru.