Habari Mbaya Kutoka Mbali

Nehemia, mlango wa 1 na wa 2



Twasoma ya kuwa Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Siku moja ndugu yake Hanani akaja kutoka Yuda, naye akamwuliza habari za nyumbani. Akaambiwa ya kuwa ukuta wa Yerusalemu umebomolewa, na malango yake yameteketezwa kwa moto. Nehemia akaketi, akalia, akafunga, akaomba. Tena na tuangalie neno hili: habari ilimfikia katika mwezi wa Kisleu, na ruhusa ya kwenda aliipata katika Nisani. Miezi ile yote alikaa katika utumishi wake, na moyoni mna kilio.

Jambo kama hili lilimpata Albert Schweitzer, mwana wa mchungaji wa Günsbach katika nchi ya Alsace. Mwaka 1913 alikwenda pamoja na mkewe Helene mpaka Lambaréné, kando ya mto Ogowe, katika msitu mkubwa wa nchi iitwayo sasa Gabon, ili awatibu wagonjwa. Hakufuata mali, fedha za kuianza kazi alizipata kwa kupiga kinanda, kwa vitabu vyake, na kwa kuwaomba rafiki zake. Mwezi wa Agosti 1914 habari ya vita vya Ulaya ikafika msituni. Wao walikuwa raia wa Ujerumani katika koloni la Wafaransa. Basi jioni ya tarehe 5 wakaambiwa ya kuwa ni wafungwa, wakalindwa na askari nyumbani mwao, wakakatazwa kazi yao. Hata mwisho wa Novemba ndipo waliporuhusiwa kuwatibu watu tena.

Schweitzer asimulia habari za mzee mmoja wa kabila la Wafang. Aliposikia ya kuwa Wazungu kumi waliotoka pande zile wamekwisha kuuawa vitani, alistaajabu sana. Akauliza, mbona makabila yale hayakutani kufanya shauri? Nao watawezaje kuwalipia wafu wote hao? Maana kwao ilikuwa sheria kwamba kila auawaye vitani hulipiwa. Swali la mzee huyu lafaa kuulizwa hata leo, kila tusikiapo habari za vita.

Mwaka 1916 mamaye Schweitzer aligongwa njiani karibu na kwao na farasi wa askari, akafa. Mwanawe alikuwa angali Afrika, hakuweza kumzika. Nehemia alipewa ruhusa na barua za mfalme, akaenda akaujenga ukuta. Huyu hakuwa na njia. Kilio kilimkuta penye wagonjwa, na wagonjwa walikuwa wakimngoja.

Ndugu zetu, wako wengi miongoni mwetu wajuao jambo hili. Kijana afanya kazi mashambani au mgodini, mbali na kwao. Apata habari kwamba baba amefariki, na nauli hana, au kaburi limekwisha kufukiwa. Siku hizi simu huleta habari kwa dakika moja, lakini safari ya kwenda msibani ni ndefu vile vile. Tusimwambie mtu kama huyu kwamba anyamaze. Nehemia alilia siku nyingi, wala Mungu hakumkemea. Wala tusimhesabu kuwa hana upendo, kwa sababu asubuhi twamwona tena kazini. Nehemia naye alirudi penye kikombe cha mfalme.

Basi na tufanye hivi. Mwenye kufiwa mbali akiwa katika usharika wetu, tumwendee jioni ile ile, tukae naye, tuliombee jina la marehemu wake kama tungalivyofanya kaburini. Tena tukiweza kumchangia nauli, tumchangie. Na kama hakuna njia ya kwenda, tumsaidie kuubeba mzigo wa siku ile, ili wale wanaomngoja wasikose mkono wake. Bwana asikiaye maombi ya Shushani ayasikia na ya msituni. Amina.