Kumi Walitosha

Kuishabikia Harambee Stars ilikuwa kazi ya roho ngumu. Ukienda kutazama mechi Wote au Mwingi, unabeba visingizio vya kushindwa kabla hata ya filimbi. Kombe la CECAFA la 2017 tulilipata kweli, tena hapa jirani Machakos, Patrick Matasi akiwazima Wazanzibari kwenye penalti. Baada ya hapo, kiu.

Kisha ikaja CHAN, Agosti 2025. Mara yetu ya kwanza kushiriki, na kundini tukawakuta Moroko na Kongo ya Kinshasa, kila mmoja alikuwa ameshalibeba kombe hilo mara mbili. Kongo tukaifunga. Jumapili tarehe 10, Kasarani, Ryan Ogam akaifunga Moroko dakika ya 42. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akala kadi nyekundu. Nilichosema hapo hakiandikiki. Vijana kumi wakalinda bao lile kipindi kizima, na filimbi ya mwisho ikageuka sherehe nchi nzima. Kundi tukaliongoza!

Sasa wewe wa Kathonzweni, wewe wa Mutomo, sikia. CHAN ni ya wanaocheza ligi za nyumbani peke yao. Hakuna aliyeshuka kutoka Ulaya kuja kutuokoa. Ogam alikuwa wa Tusker, wa ligi hii hii tunayoibeza, na mwezi huohuo Wolfsberger ya Austria ikamchukua.

Visingizio vyetu navijua: jua, kiwanja cha changarawe, mpira wa matambara. Vyote kweli, na hakuna hata kimoja kinachokuzuia kuamka alfajiri ukakimbie. Makueni ina Ligi Mashinani. Kijiji chenu kimepeleka timu? Kitui ina Ithookwe, uwanja uliopata sura mpya kwa ajili ya Mashujaa Dei 2025. Ulitengenezwa wanasiasa wahutubie tu? Ujazeni! Wasichana pia, na mama akikuuliza waenda wapi, mwambie aje atazame.

Ndiyo, Madagascar walitutoa robo fainali kwa penalti. Tuliumia. Zamani tulikuwa tukiumia bila hata kufika huko.

Na jioni ya leo mkijikuta kumi tu kiwanjani, msimngoje wa kumi na moja. Anzeni.