Wakili wa Aliyeumia

Imeulizwa: mwanasheria alipwaye mshahara na serikali, akitetea fidia ya kibarua aliyekatwa mkono na mashine, je, amemfanyia hisani? La, amemdai haki yake. Katika fiqhi, mkono uliokatwa kwa kukosea una nusu ya diya, yaani ngamia 50, na kila kidole ngamia 10. Wala hakuna mwanachuoni aliyeiita sadaka. Vivyo hivyo sheria ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Tanzania ya mwaka 2008 zimeifanya fidia ya kazini kuwa haki. Basi wakili ni amini: akilipunguza jeraha kwa kumwonea haya tajiri, amemdhulumu maskini, akilizidisha kwa huruma, amemdhulumu tajiri. Na kumchelewesha mwenye haki pasipo udhuru nako ni dhuluma. Wallahu aalam.