Heri Kenda Shika Kuliko Kumi Nenda Uje

Kijana aliyeajiriwa akitamka nyumbani kwamba anataka kuacha kazi afungue duka, hakosi mzee mmoja wa kumkalisha kitako. Mzee hatamwuliza duka la nini wala mtaji kiasi gani. Atamwambia: mwanangu, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Wengine husema kenda karibu, wengine kumi nenda urudi. Maana ni ileile. Kikao huishia hapo, kwa sababu methali ikishatoka kinywani mwa mkubwa, kuijibu ni utovu wa adabu.

Mimi naona methali hii inaonewa. Imefanywa mlinzi wa mshahara, kazi ambayo haikuiomba. Wanaoitumia hivyo wameshaamua kwamba kenda ni ajira na kumi ni biashara, hesabu imekwisha. Ukiisikiliza vizuri, haina neno lolote juu ya kuajiriwa wala kujiajiri. Inazungumza habari ya deni.

Mwenye kusema "nenda uje" ni mdaiwa. Umemfuata akulipe chako, naye anakwambia leo mambo magumu, pitia Alhamisi. Alhamisi unaambiwa ametoka. Jumatatu yumo ndani, lakini simu imezimwa na mtoto ametumwa mlangoni aseme baba hayupo. Nauli inakwenda, soli za viatu zinaisha, shughuli zako nyingine zimelala. Ukija kulipwa, kama utalipwa, ile kumi imeshakuwa ndogo kuliko kenda uliyoikataa. Hii ni methali ya mtu aliyewahi kudai. Ndiyo maana haipimi ukubwa wa mali peke yake. Inapima pia umbali wa mali na mkono, na nani mwenye amri juu ya umbali huo.

Tazama tena tarakimu. Waingereza wana methali yao inayosema ndege mmoja mkononi ni bora kuliko wawili kichakani. Humo unaombwa uache nusu nzima ya unachokitarajia kwa ajili ya uhakika. Ya kwetu haijafika huko. Inakuomba moja tu katika kumi. Aliyeitunga angeweza kusema heri mbili kuliko kumi, na waoga wangempigia makofi, lakini hakusema. Aliupa uhakika bei, na bei yenyewe ni ndogo. Kwa hiyo mzee anayemtolea methali hii kijana anayelipwa laki tatu, ambaye biashara yake ya jioni inambakizia laki tano taslimu, anaitumia mahali pasipo pake. Pengo la tatu na tano si la kenda na kumi. Hapo methali imenyamaza, na kijana atafute ushauri kwingine.

Sasa tuulize lile ambalo wazee huliruka: ni nani hasa aliyeshika kenda? Nenda saa saba mchana kwa mama ntilie yeyote anayepika karibu na ofisi, hasa tarehe zikishapita ishirini. Mezani, pembeni ya ndoo ya maji ya kunawa, utakuta daftari la jalada gumu lililoloa mafuta. Kila ukurasa una mtu wake: Kaka wa Stoo, Dada wa Mapokezi, Dereva Mrefu. Chini ya jina kuna wali maharage, wali samaki, ugali nyama, chai na chapati mbili, na bei kando ya kila sahani. Mshahara ukitoka, mistari inakatwa kwa kalamu nyekundu, na kesho yake ukurasa mpya unaanza. Waliovaa tai ndio wanaokopa. Aliyefunga kanga kiunoni ndiye anayewakopesha.

Si ajabu ukifikiria. Mwajiriwa hufanya kazi mwezi mzima kabla hajaona shilingi. Kwa hesabu za biashara, amemkopesha mwajiri nguvu zake za siku thelathini bila riba, na dhamana yake ni mkataba tu. Mwuza mihogo ya kukaanga hulipwa kabla mteja hajamaliza kutafuna. Ukichukua kipimo cha methali yenyewe, cha ukaribu wa mali na mkono, mwuza mihogo ndiye mwenye kenda shika, na karani ana kumi nenda uje mwisho wa mwezi. Tunaiita ajira ya uhakika kwa sababu mdaiwa wa karani mara nyingi hulipa kwa tarehe. Uhakika ni wa mdaiwa, si wa kazi.

Na mdaiwa hubadilika. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa reli, bandari, posta na shirika la ndege, walikuwa na ajira ambazo watu wa mtaani waliziona mwisho wa matatizo. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni yake ulitiwa saini na Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1984, na waliokuwa watumishi wake upande wa Tanzania wakaendelea kudai mafao yao hata baada ya mwaka 2000, wazee wa mikongojo wakiandamana katika mitaa ya Dar es Salaam. Wapo waliokufa kabla ya kulipwa. Hao hawakucheza kamari na duka. Walishika kenda, kisha wakaambiwa nenda uje.

Hata pale mwajiri anapofuata taratibu zote, urefu wa hiyo kenda unajulikana. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28. Akiwa ametimiza mwaka kazini na hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu, anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, mwisho miaka 10. Aliyekaa miaka 10, basi, ni mshahara wa siku 70 na notisi juu yake. Sisemi si kitu. Sheria hiyohiyo ina likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo na likizo ya uzazi ya siku 84, na mwuza mihogo akijifungua hana wa kumlipa hata siku moja. Nasema tu kwamba kibarua kikiota nyasi, kenda ya mwajiriwa huhesabiwa kwa siku.

Lakini asije mtu wa semina akasoma hadi hapa akashangilia. Wale wanaokodi ukumbi, wakatoza kiingilio, wakawaambia vijana kwamba mshahara ni utumwa, wanauza kumi ambayo wengi wao wenyewe waliipata kwa kuuza tiketi za semina. Biashara imejaa nenda uje kuliko ajira. Anayechukua fremu Dar es Salaam mara nyingi hutakiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajapanga hata boksi moja la sabuni; penye biashara iliyochangamka kama Kariakoo kuna na kilemba, malipo ya kuachiwa nafasi. Pesa hiyo imetoka mkononi siku ya kwanza. Kisha wateja: duka la mtaani halikai muda bila daftari la madeni, hata kama ukutani pamebandikwa "Leo taslimu, kesho mkopo". Anayepeleka bidhaa kwenye taasisi ana subira ya namna nyingine. Nchini Kenya madeni ya wazabuni wanaozidai serikali za kaunti yamekuwa wimbo wa kila mwaka. Watu wametoa huduma, wamejenga, wamekabidhi, wamepewa karatasi, na benki iliyowakopesha mtaji haikubali kuambiwa ije wiki ijayo. Huku kwetu Tanzania, anayebanwa hivyo ndiye mteja wa mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu.

Tena wengi huihesabu vibaya hiyo kumi yenyewe. Tuseme mtu ameajiriwa kwa laki saba, na mkewe anauza daftari, sare na mabegi ya shule. Wanakusanya elfu themanini kwa siku. Anazidisha kwa thelathini, anapata milioni mbili na laki nne, anaandika barua ya kuacha kazi. Hakutoa bei ya kununulia mzigo, kodi ya fremu, umeme, msichana wa dukani, wala mabegi yaliyokosa mnunuzi. Na hesabu aliifanya Januari, shule zinapofunguliwa. Akitoa vyote, mwezi wa kawaida huenda zikabaki laki tano, na sehemu yake iko kwa majirani, imeandikwa. Mtu huyu hakuacha kenda akimbilie kumi. Ameacha saba ya mkononi akakimbilia tano nenda uje.

Kuna jambo la tabia ambalo methali inalitia kidole na wachumi hawaligusi. Kudai ni kazi, na si kila mtu ameumbwa nayo. Tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mfanyabiashara ndiye anayelazimika kuhudhuria hayo matanga kila wiki, akavumilia sura zilizonuna, kwa haki yake mwenyewe. Wapo watu wema kabisa, wakikopwa wanaona haya wao. Anapita mbali na nyumba ya mdaiwa asije akadhaniwa anamfuata. Mwanamume akishaambiwa "shemeji, tuonane mwezi ujao", anajibu "haina shida", anakwenda kukopa sukari ya nyumbani kwake. Mtu wa namna hii hata umpe mtaji wa milioni ishirini, utaishia kwenye nyumba za watu. Kwake ajira si woga. Amejua kwamba mkono wake haujui kufuata kumi, na kuajiriwa kunamwachia mdaiwa mmoja badala ya mia. Kinyume chake wapo wasioweza kuulizwa ulikuwa wapi saa mbili asubuhi. Hao hukubali hata sita, mradi wasiwe chini ya saa ya mtu. Wakiwa wamehesabu kwa macho makavu, siwalaumu. Methali imeweka mizani ya mali. Thamani ya kutoamrishwa kila mtu aiweke mwenyewe.

Wenye akili waliona zamani kwamba hakuna anayelazimika kuchagua upande kwa siku moja. Miaka ya 1980, mshahara wa mtumishi wa Tanzania ulipokuwa haufiki mwisho wa mwezi, nyuma ya nyumba za maofisa palijaa mabanda ya kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa. Ikaitwa miradi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha, na miiko hiyo haikulegezwa rasmi hadi Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Kuku hawakungoja azimio.

Katika miaka hiyohiyo Reginald Mengi, mhasibu wa Coopers & Lybrand, alianza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, wakati kalamu zilipokuwa haba madukani. Hakuacha uhasibu siku alipouza ya kwanza. Alibaki katika kampuni ile hadi mwaka 1989, biashara yake ikiwa imekwishakua, na baadaye nchi nzima ikamjua kwa kampuni zake za IPP. Wanaosimulia habari zake huipenda kalamu na kuiruka miaka ya uhasibu. Miaka hiyo ndiyo iliyomwezesha kungoja. Mwenye chakula cha leo anaweza kukataa bei mbaya, anaweza kumnyima bidhaa mdaiwa sugu, anaweza kuacha faida ya kwanza izunguke badala ya kuila. Asiye nacho huuza kwa hasara Ijumaa ili Jumamosi apike. (Soma mkataba wako kwanza, hata hivyo, wapo waajiri wanaokataza biashara ya pembeni, hasa inayogongana na ya kwao.)

Limebaki kundi moja ambalo methali haina la kuliambia, na Afrika Mashariki ndilo kubwa: wasio na kenda. Mhitimu wa chuo anayemwaga mitumba chini kando ya stendi hakupima ajira na biashara akachagua biashara. Alipeleka barua za maombi, akaambiwa tutakupigia, hadi soli zikaisha. Kumtajia huyo kenda shika ni kumkejeli. Anachohitaji kwa wazee ni mtaji, au angalau mtu wa kumdhamini apate mzigo.

Wewe lakini una kazi, na barua ya kuiacha iko kwenye simu, bado hujaituma. Ngoja kidogo. Fungua daftari la biashara yako, futa kila mstari ambao haujalipwa, toa gharama zote bila kujionea huruma, kisha rudia hivyo kwa miezi sita, na ule mwezi mbaya wa Februari uwemo. Zikibaki zinazofikia kenda ya mshahara wako, tuma barua, mzee akusemeshe atakavyo. Zisipofikia, kesho saa mbili uwe kazini.