Andika "Ndiyo", Mwanangu

Nina neno nanyi leo, ndugu zangu, hasa ninyi akina mama na akina baba mliovuka bahari mkaja Marekani mmebeba watoto mgongoni. Watoto hao wamekua, na sasa wanataka kuvaa sare za jeshi la nchi hii.

Majuzi, baada ya ibada, mama mmoja alinivuta pembeni, karibu na meza ya chai. Mkononi alikuwa na fomu ya kujiunga na jeshi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho. Kijana wake alisimama nyuma yake, viatu vimeng'aa, macho chini. Swali moja tu lilikuwa halijajibiwa: je, umewahi kutibiwa ugonjwa wowote wa akili? Alipokuwa na miaka 15 kijana huyu alishikwa na sonona. Hakula, hakutoka chumbani, shule ikamshinda. Alipata mshauri, akameza dawa kwa miezi minane, akapona. Mama akaninong'oneza: "Mchungaji, mwambie aandike hapana. Hata yule bwana anayeandikisha askari amesema ya zamani tusiyafukue."

Nilichomwa moyo, na bado naungua. Huyo bwana amempotosha mtoto wetu! Kanuni za Wizara ya Ulinzi zimeandikwa wazi. Aliyewahi kuugua sonona huzuiwa ikiwa matibabu yake, hata bila kulazwa, yalizidi miezi 12 kwa jumla, au dalili au matibabu yamo ndani ya miezi 36 iliyopita, au alilazwa, au ugonjwa ulimrudia, au alifikia kutaka kujiua. Kijana wetu sasa ana miaka 20. Hesabuni wenyewe. Alitibiwa miezi minane, na tangu kidonge cha mwisho imepita miaka minne. Mama alitaka kuvunja kwa uongo mlango ambao haujafungwa! Na yule anayeukuta umefungwa anaweza kuomba ruhusa maalumu, akapeleka barua za daktari wake. Wapo wanaokubaliwa, wapo wanaokataliwa.

Uongo je, utakufikisha wapi? Tangu 2022 madaktari wanaowapima vijana hawa wana mfumo wa kompyuta unaoweza kuvuta kumbukumbu za hospitali na za dawa ulizochukua. Kujiandikisha kwa udanganyifu ni kosa katika sheria ya kijeshi. Nasi wahamiaji tuna la kuogopa zaidi: aliyepata uraia kupitia jeshi, akafukuzwa kwa aibu kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima, anaweza kuvuliwa uraia huo. Mama, ulikuwa unamtafutia mwanao nchi, na kwa neno moja ungeweza kumpokonya!

Mnadhani jeshi hili halijawahi kuwa na mtu aliyeelemewa moyoni? Mwaka 1861 Jenerali William Tecumseh Sherman, akiwa kamanda huko Kentucky, alizidiwa. Usingizi ulimkimbia, akaona maadui kila upande, akaachia uongozi. Alirudi nyumbani Ohio, mkewe akamtunza, na gazeti likamtangaza kuwa ana wazimu. Aprili 1862 alikuwa vitani Shiloh, amejeruhiwa mkono, bado anapigana. Wakubwa wake walijua habari zake, na kwa sababu walijua, alipata nafasi ya kupumzika. Mwenye siri hapumziki. Anapanga foleni na wenzake, analala na bunduki karibu, na usiku giza likimrudia hana wa kumwambia, maana kwenye karatasi giza hilo halikuwahi kuwepo.

Na wewe uliyekataliwa, nisikilize. Katika Biblia, Gideoni alipokusanya jeshi penye chemchemi ya Harodi, aliagizwa amwache aende kila mwenye kuogopa. Wakaondoka watu 22,000, wakabaki 10,000. Mchana kweupe, mbele ya wenzao! Sijasoma popote kwamba walizomewa. Na Wamidiani, adui zao, walipoanza kukimbia, watu wa Naftali, Asheri na Manase, makabila yale yale ya mwanzo, waliitwa tena kuwafukuza.

Lakini dhambi hii haianzii kwenye fomu. Inaanzia sebuleni kwetu. Mtoto akisema moyo wake umekufa, tunamwambia ni uvivu. Akiendelea, tunasema ni mapepo. Akiomba kwenda kwa mshauri, tunamzuia tukisema rekodi itachafuka, jeshi halitamchukua, posa hazitakuja. Ole wetu! Tunamnyima mtoto dawa ili karatasi yake ibaki nyeupe. Mimi mwenyewe nimewaombea vijana wa namna hii, nikawaaga mlangoni bila kuwauliza kama wamemwona daktari. Nimetubu. Tubuni pamoja nami. Na kama yuko nyumbani kwako leo mtoto asiyelala, usingoje Jumapili ijayo.

Pale mezani nilisogeza vikombe, nikaikunjua ile fomu, nikampa kijana kalamu yangu. Alinitazama, akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaandika "ndiyo", akaandika na mwaka. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki, akafuta macho kwa ncha ya kanga, halafu akaniuliza barua ya yule daktari inaombwa wapi.