Msamaha wa Serikali na Haki ya Aliyedhulumiwa

Ndugu mmoja katika darasa letu ameuliza: Je, yajuzu kwa Mwislamu aliyehukumiwa kwa kosa alilolitenda kweli kumwomba Rais msamaha? Na sisi majirani, yajuzu kulitia saini ombi lake?

Kwanza tuijue sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 133, yampa Rais uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa, kwa sharti au bila ya sharti. Au kuiahirisha adhabu, au kuibadili kwa iliyo nyepesi, au kuiondoa yote au baadhi yake. Wala hafanyi hayo kwa matakwa yake, bali hufuata shauri la kamati ambayo Mwanasheria Mkuu yumo ndani yake. Na mtu yeyote aweza kupeleka ombi, si mfungwa peke yake. Ama anayedai kwamba hakutenda, njia yake ya kwanza ni rufani.

Sasa tuitazame dini. Kuomba rehema si haramu. Lakini haki ni namna mbili: haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya waja wake. Katika Sura ya Bakara, aya ya 178, hiari ya kusamehe kisasi imewekwa kwa jamaa za aliyeuawa. Na Usama bin Zaid alipomwombea mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, Mtume (s.a.w.) alikasirika na kuukataa uombezi huo, ijapokuwa Usama alikuwa kipenzi chake. Kweli, hiyo ilikuwa adhabu ya hadi, na katika taazir uombezi una nafasi zaidi. Lakini funzo latuhusu: jaha ya ukoo haiwi hoja.

Na sisi twafanyaje? Karatasi huzungushwa baada ya sala ya Ijumaa, nasi huuliza, "Ni mtoto wa nani?" Tukimjua baba yake, twatia saini. Mjane aliyevunjiwa nyumba akaibiwa akiba yake akaa mtaa wa pili, wala hapana aliyekwenda kumbishia hodi. Hiyo si huruma, ndugu zangu; ni upendeleo uliovishwa kanzu ya huruma.

Mtu atasema: "Mfungwa naye ana watoto, nao hawakukosa." Ni kweli, na kwa ajili yao twapaswa kusaidia. Lakini tusaidie kwa utaratibu. Mkosa akiri, arudishe alichokichukua kadiri awezavyo, na wazee wamwendee aliyedhulumiwa wamtake radhi. Kisha ndipo liandikwe ombi. Sheria yenyewe imeiacha nafasi hiyo, kwani kifungu kile kile chairuhusu kamati kuyazingatia maoni ya walioathirika.

Je, akikataa kusamehe? Hiyo ni haki yake, wala asilaumiwe wala asitishwe kwa maneno ya msikitini. Mfungwa hazuiliwi kuomba, ila aandike kweli, na wenye kumshuhudia washuhudie wanalolijua tu: kwamba ametubia, amelipa kiasi kadha, na mwenye haki bado hajaridhika. Ushahidi wa uwongo kwa ajili ya rehema ni dhambi nyingine.

Rais aweza kumtoa mtu kifungoni. Hawezi kusamehe kwa niaba ya mjane, na Siku ya Kiyama mjane huyo ataidai haki yake, si kwa aliyeiba tu, bali hata kwetu tuliompuuza.

Wallahu aalam.