Makosa Sita

Kompyuta yangu ya mezani, yenye Windows XP, ndiyo ninayosikilizia CD za mawaidha alizoniachia marehemu baba. Mwezi wa Shaabani ikaanza kusuasua. Sauti inakatika katikati ya neno, kishale kinaganda, na kunakili CD moja tu kunanitoa Adhuhuri kunifikisha Alasiri.

Nikasafisha lenzi. Nikachomoa utepe wa waya, nikaurudisha. Wapi! Mpwa wangu, fundi kompyuta, ndiye aliyefungua orodha ya vifaa akanionyesha: chaneli ya pili ya IDE, ile inayounganisha kisomaji cha CD na kompyuta, imeshuka hadi PIO. Awali ilikuwa DMA, yaani data inakwenda yenyewe kwenye kumbukumbu. Katika PIO prosesa huihamisha kwa mkono wake, kama mwenye nyumba anayechota maji kwa kata ilhali bomba lipo.

"Nani kaishusha?"

"Yenyewe, mjomba. Inahesabu makosa. Yakitimia sita, inapunguza mwendo ngazi kwa ngazi."

Sita kwa siku? La, sita kwa jumla. Kosa la mwaka juzi hujumlishwa na la jana, hata kama katikati zimesomwa CD mia bila kukwama. Na yenye ila hasa ilikuwa CD moja ya baba, ile iliyojaa mikwaruzo. Kisomaji kimehukumiwa kwa kushindwa kusoma kisichosomeka.

Usiku ule usingizi ulichelewa. Sisemi daftari la namna hiyo ni dhuluma: mwendo mdogo huilinda data, na waya mbovu hautengemai kwa kusamehewa. Lakini Sura ya Hud inataja mema yanayofuta maovu, na miaka yote nimeisoma kama ahadi yangu mimi, mkosaji. Sikuwahi kuisoma nikiwa nimeshika daftari. Mdogo wangu alinikopa akachelewa kulipa, mara nne au tano, kisha akalipa zote. Hadi leo namsalimu kwa PIO.

Asubuhi mpwa akarudi. Akaifuta chaneli, akawasha upya; Windows ikaipokea kama mgeni, hesabu sifuri. Halafu akaongeza kitu kwenye sajili, thamani yake 1: kila usomaji ukifaulu, makosa ya nyuma yafutwe.

"Kumbe hii ilikuwepo?"

"Ipo, mjomba. Ila haiji imewashwa. Unaiwasha mwenyewe."